Dirisha la Paa: Pa Kuliweka, Ukubwa Wake, na Kuishi Nalo

Mteja akiniita nimwekee dirisha la paa, sipandi juu kwanza. Naomba nikae ndani ya hicho chumba chenye giza, mchana kweupe, taa zimezimwa. Nataka kujua anayelalamikia giza anafanya nini humo. Anasoma? Anapita tu kuelekea jikoni? Ananyoa ndevu? Wengi huja na picha waliyoiona mahali: kioo kikubwa katikati ya dari, jua limemwagika sakafuni, paka amelala. Picha haina joto, wala haikuonyeshi chumba hicho saa nane mchana mwezi wa jua kali.

Mimi ni fundi wa paa, na kwangu nina madirisha ya namna hii matatu: moja ukumbini, moja bafuni, na moja juu ya meza ya mke wangu, ambaye ni mshonaji. Kwa hiyo nayajua kwa upande wa nyundo na kwa upande wa mtu anayelala chini yake. Ushauri wangu ni uleule kwa kila mtu: jiulize kwanza jua kiasi gani unaweza kulivumilia, ndipo uulize mwanga kiasi gani unautaka.

Jua linapita wapi

Dirisha la ukutani huona nusu ya anga tu, na nusu hiyo mara nyingi imeshazibwa na mti au nyumba ya jirani. Lililolazwa juu ya paa linaitazama anga karibu yote. Ndiyo maana tundu dogo juu hufanya kazi ya dirisha kubwa la ukutani, na ndiyo maana hilohilo likikosewa hukupikia chumba.

Kwa nchi zilizo mbali na ikweta, kanuni ni nyepesi. Kaskazini ya dunia, mteremko wa paa unaotazama kaskazini hutoa mwanga tulivu usio na jua la moja kwa moja kwa muda mwingi. Kusini ya dunia, geuza. Karibu na ikweta kanuni hiyo inakufa. Jua hupita utosini, miezi kadhaa likiegemea kaskazini, miezi mingine kusini, na saa sita mchana linashuka karibu wima kwenye paa lolote. Huko swali la maana ni mashariki au magharibi, na mimi huchagua mashariki kila ninapoweza. Jua la asubuhi linaingia nyumba ikiwa bado imepoa. La alasiri linakuta kuta na paa vimeshashiba joto, nalo linaongeza lake.

Kisha tafuta doa la jua litaangukia wapi. Hesabu yake ni rahisi. Jua likiwa nyuzi 45, yaani nusu ya njia kati ya upeo wa macho na utosi, doa hutua umbali ulio sawa na kimo cha tundu. Tundu likiwa mita 3 juu ya sakafu, doa liko mita 3 kando, upande wa pili wa jua. Asubuhi litakuwa magharibi ya tundu, jioni mashariki, na adhuhuri karibu chini yake kabisa. Chukua tepu ya karatasi ubandike sakafuni na ukutani njia hiyo yote, kisha simama utazame kilichoguswa. Kichwa cha kitanda? Televisheni? Kabati la vitabu? Nimewahi kuondoka bila kukata chochote kwa sababu tepu ilipita juu ya piano ya mwenye nyumba, na tukakubaliana kusogeza tundu upande wa pili wa kenchi, ile fremu ya mbao inayobeba paa.

Ukubwa

Wizara ya Nishati ya Marekani ina kipimo ambacho nakikubali kama mwanzo wa mazungumzo: chumba chenye madirisha mengi, dirisha la paa lisizidi asilimia 5 ya eneo la sakafu, chumba chenye madirisha machache, lisizidi asilimia 15. Chumba cha mita 4 kwa 5 kina mita za mraba 20, kwa hiyo unazungumzia kati ya mita moja na tatu za mraba.

Penye jua kali mimi hiyo 15 siifikii. Jua la adhuhuri lisilo na wingu huleta karibu wati 1,000 kwa kila mita ya mraba inayolikabili, na kioo cheupe cha kawaida, kimoja tu, hupitisha zaidi ya 800 kati ya hizo. Dirisha la sentimita 80 kwa 120 halifiki hata mita moja ya mraba, lakini wakati huo ni kama umening'iniza pasi ya umeme darini, imewaka, na huwezi kuizima.

Ukihitaji mwanga zaidi, ongeza idadi kabla ya kuongeza ukubwa. Madogo mawili yaliyotengana huangaza chumba sawasawa. Moja kubwa hufanya sehemu moja ing'ae hata macho yaumie, na pembe zionekane zina giza kuliko zamani.

Kioo au plastiki

Juu ya vichwa vya watu sitaki kioo cha kawaida. Kinachovunjika huanguka vipande vyenye ncha. Kioo kilichokazwa kwa moto kina nguvu zaidi, na kikivunjika hugeuka punje butu. Lakini punje hizo nazo zinamwagika chini kama kokoto. Kilicho salama ni cha tabaka, kama cha mbele ya gari: vioo viwili vimeshikwa na utando wa plastiki katikati, kikipasuka kinabaki mahali pake. Dirisha zuri la vioo viwili vyenye nafasi ya hewa huwa na kilichokazwa juu, cha tabaka chini. Utando ule una faida nyingine: huzuia karibu miale yote ya urujuanimno, ile inayofifisha vitambaa. Kwenye meza ya mshonaji hilo ni jambo kubwa. Kioo cheupe cha kawaida hupitisha sehemu kubwa ya miale hiyo, na bunda la kitambaa chekundu lililoachwa chini yake hurudi na mkanda wa waridi.

Tazama namba mbili kwenye kibandiko: moja ya mwanga unaopita, nyingine ya joto la jua linalopita, zote kati ya 0 na 1. Unataka ya kwanza iwe juu na ya pili iwe chini. Joto 0.3 maana yake zile wati 1,000 zimebaki 300. Mahali pa baridi kali unaweza kuitaka namba hiyo ipande, na hapo uangalie zaidi jinsi dirisha linavyozuia joto la ndani lisitoroke.

Plastiki ina nafasi yake, hasa kwenye paa la bati. Kuna karatasi za faibaglasi na za polikaboneti zenye migongo ileile ya bati, unazilaza kama bati jingine. Faibaglasi ni ya bei nafuu, lakini jua huila: nyuzi zinatokeza juu, vumbi linanasa, na mwanga unageuka wa njano. Polikaboneti hudumu zaidi, kwa sharti moja ambalo mafundi wengi hulipuuza. Kinga yake dhidi ya jua kwa kawaida imepakwa upande mmoja tu, na upande huo umeandikwa kwenye karatasi laini ya kufunikia. Ukiibandua kabla ya kupanda juu, umeshapoteza alama. Ibandue baada ya kulaza, na upande wenye maandishi utazame angani.

Jingine: polikaboneti hutanuka kuliko bati. Karatasi ya mita 3, tofauti ya joto ikiwa nyuzi 40 kati ya alfajiri na adhuhuri, hurefuka karibu milimita 8. Kwa hiyo toboa tundu pana kuliko skrubu kwa milimita chache, weka washa pana ya raba, na kaza mpaka raba iguse tu. Ikikazwa mpaka raba ibonyee na kutokeza pembeni, siku moja utasikia mlio mkali mchana wa jua, na ufa utaanzia pale pale kwenye skrubu. Silikoni iwe ile isiyonuka siki. Inayonuka siki ina asidi, na inaweza kuitia plastiki hiyo nyufa. Polikaboneti yenye vyumba vya hewa ndani, vyumba vyake vielekee chini kwa mteremko, juu pazibwe kwa tepu isiyopitisha kitu, chini kwa tepu yenye vitundu vya kupumulia ili unyevu utoke.

Sanduku kati ya paa na dari

Nyumba yenye dari ina nafasi katikati, na mwanga lazima uvuke hapo. Watu hulitengeneza sanduku hili wima, kuta nne zilizonyooka, kwa kuwa ni rahisi. Ukiziacha kuta zitanuke kuelekea chini, tundu la darini likawa pana kuliko la paani, chumba hupata mwanga mwingi zaidi kwa kioo kilekile, na macho hayakutani na ukingo mkali kati ya giza na mwangaza. Paka rangi nyeupe isiyong'aa. Rangi inayong'aa huleta vimulimuli ukutani. Jaza kinga ya joto nyuma ya kuta hizo, la sivyo joto la darini litashuka kupitia sanduku ulilolijenga mwenyewe.

Nafasi ikiwa ndefu na chumba ni kidogo, acha sanduku. Tumia bomba la mwanga: kuba dogo juu ya paa, bomba linalong'aa ndani kama kioo cha kujitazamia, na kifuniko cha kutawanya mwanga darini. Ya nyumbani huwa na kipenyo cha sentimita 25 au 35 hivi. Ukumbini kwangu ndilo nililoweka, na wageni bado hunyoosha mkono ukutani kutafuta swichi waizime. Bomba likinyooka na kuwa fupi ni bora. Kila kona inakula mwanga.

Na kwa stoo yenye bati tupu bila dari, kuna njia ya Alfredo Moser, makanika wa Brazili aliyeibuni mwaka 2002: chupa ya plastiki angavu imejazwa maji na vifuniko viwili vya klorini ya kufulia, kisha ikapenyezwa kwenye bati, sehemu nje, sehemu ndani. Maji huutawanya mwanga pande zote, na klorini huzuia maji yasiote ukijani. Mchana hutoa mwanga wa kufananishwa na balbu ya wati 40 hadi 60. Nimeiweka kwenye banda la mbao zangu na siidharau hata kidogo.

Maji

Warumi waliojenga Pantheon, hekalu lao jijini Roma, katika karne ya 2 waliacha tundu la zaidi ya mita 8 kileleni mwa kuba, bila kioo, wakatoboa sakafu vitundu vya kupitishia mvua. Sisi wengine tuna zulia.

Kabla ya maji, mbao. Kenchi haikatwi. Narudia kwa kuwa nimekuta zilizokatwa: kenchi haikatwi, hata kipande kidogo, bila mhandisi kusema. Pata dirisha linaloingia kati ya kenchi mbili. Paa lenye mbao za mteremko pekee linaweza kukatwa mbao moja, endapo mbao za pande mbili zitaongezwa unene na mbao za mkingamo kuwekwa juu na chini ya tundu.

Halafu mteremko. Madirisha mengi ya paa la mteremko yametengenezwa kwa nyuzi 15 kwenda juu. Paa likilala zaidi ya hapo, au likiwa la zege, dirisha liinuliwe kwa ukingo wa angalau sentimita 10 hadi 15, na kioo chenyewe kiwe na mteremko kidogo. Kioo kilicholala kabisa hukusanya maji, maji hukauka, uchafu unabaki umechora ramani.

Kinachozuia maji ni fleshingi, yale mabati ya pembeni yanayoelekeza maji. Silikoni siitegemei: baada ya muda hubanduka. Kazi inaanza chini na kupanda, kipande cha juu kikilalia cha chini. Kwanza kipande cha chini ya dirisha, ambacho kinalala JUU ya vigae au bati linalofuata. Kisha cha pembeni: kwa vigae, kipande kidogo kwa kila mstari wa kigae, vikipishana; kwa bati, fleshingi ivuke angalau mgongo mmoja mzima. Mwisho cha juu, na hiki kinaingia CHINI ya vigae au bati la juu yake. Ukimwona fundi amekibandika cha juu kwa silikoni juu ya bati, mshushe kabla ya mvua kumsemea. Dirisha likiwa pana, weka mgongo mdogo wa bati upande wa juu, umbo la paa dogo, ugawe maji yaende kushoto na kulia. Hapo ndipo majani hujikusanya, na majani yaliyoloa hugeuka bwawa.

Linavuja au linatoka jasho?

Hii ndiyo simu ninayopigiwa kuliko zote. Swali langu la kwanza: jana kulinyesha? Tone linalodondoka asubuhi ya baridi bila mvua, au baada ya mtu kuoga kwa maji moto, ni mvuke wa ndani uliogusa kioo baridi. Dawa yake ni kutoa mvuke na kuweka vioo viwili. Ukipaka silikoni nje utapaka mpaka uzeeke.

Kama ni mvua, usifuate doa. Maji huingia juu, hutambaa kwenye mbao, hudondokea mbali. Mtu mmoja abaki ndani na tochi, mwingine apande na mpira wa maji. Mwagia chini ya dirisha kwanza, taratibu, dakika kadhaa. Kavu? Panda pembeni, upande mmoja, kisha wa pili. Kavu? Sasa ukingo wa juu. Bado kavu, panda mita moja juu ya dirisha. Mara nyingi aliye ndani huita hapo, na kosa ni la kigae kilichopasuka au skrubu iliyolegea ambayo haihusiani na dirisha hata chembe. Ukianzia juu maji yatashuka yaloweshe kila kitu, nawe hutajua lolote.

Na wewe uliyeko juu: usikanyage dirisha la paa, usilikalie, usiliegemee. Wanaoanguka kupitia karatasi za plastiki zilizozeeka mara nyingi hawakuziona kabisa, maana vumbi limezifanya zifanane na bati. Nchini Marekani, kanuni za usalama wa ujenzi za OSHA, idara ya serikali ya usalama kazini, zinalihesabu dirisha la paa kuwa tundu tu, kana kwamba hakuna kitu hapo. Mimi huzizungushia rangi nyekundu, na huweka wavu wa chuma chini ya zile za plastiki.

Kuishi nalo

Pazia la ndani hukuzuilia mwanga, lakini joto limeshaingia. La nje, hata wavu wa kivuli tu uliokazwa sentimita chache juu ya kioo, hulizuia jua kabla halijagusa. Chumbani cha kulala hakikisha kuna la kuzima kabisa. Mwezi mpevu utosini ni mzuri usiku wa kwanza tu.

Linalofunguka lina thamani kubwa kuliko linaloangaza pekee. Hewa moto hupanda. Fungua la juu na dirisha moja la chini upande wenye kivuli, na nyumba itapumua hata siku isiyo na upepo. Weka wavu wa mbu. Jikoni lisikae juu ya jiko lenyewe, mafuta hupanda na kunasa kwenye kioo ambacho hutakifikia kwa urahisi. Bafuni ni mahali pazuri kuliko pote: mwanga, faragha, na mvuke una pa kutokea.

Mvua kwenye plastiki ina kelele, hilo halina dawa. Kioo cha tabaka kina utulivu zaidi.

Usafi ni maji, sabuni laini na kitambaa laini, asubuhi au jioni, kioo kikiwa kimepoa. Kwenye plastiki usipeleke petroli, asetoni, dawa za vioo zenye amonia, wala sponji ya kukwaruza. Kabla ya msimu wa mvua ondoa majani upande wa juu, kagua washa za skrubu, na pitisha kidole kwenye raba za fremu: ikiacha unga mweusi kidoleni, inazeeka.

Ukungu ukitokea katikati ya vioo viwili, usihangaike kuufuta. Mzibo wa pembeni umefeli na hewa yenye unyevu imeingia. Hubadilishwa kioo, fremu inabaki, ila utaulizwa aina na vipimo kamili, navyo vimeandikwa kwenye kibandiko kidogo ambacho mara nyingi hufichika fremu ikishafungwa. Kipige picha siku ya kufunga.